Ndoo ya Maharagwe ya Orrin Pelkey

Orrin Pelkey angeweza kukuambia kwamba asubuhi amekunywa uji, na ukaondoka hapo ukijiuliza kama kweli ulikuwa uji. Hiyo ndiyo sifa aliyojijengea hapa Ketchum, mji wetu mdogo wa milimani Vermont, tangu akiwa kijana wa kukata magogo, na mimi niliyesoma naye darasa moja naapa kwamba hakuianza ukubwani. Dubu aliyekutana naye nyuma ya ghala alikuwa na ukubwa wa ndama siku aliyokutana naye. Sasa hivi dubu yuleyule hapiti mlango wa kanisa. Ile theluji ya mwaka aliooa ilimfika kiunoni, lakini ukimuuliza leo atakwambia ilifunika bomba la moshi. Ni mtu mwema, mkarimu, fundi wa kila kitu chenye boliti. Tatizo ni kwamba neno likishapita mdomoni mwake, tayari limetiwa chumvi.

Mimi ni Avis Colburn. Ndimi mwenyekiti wa mkutano wa mji, ule wa Jumanne ya kwanza ya Machi, ambao Ketchum nzima hujazana ukumbini, tukabishana hoja moja baada ya nyingine, tukapiga kura kwa mdomo, tukala maharagwe, kisha tukarudi kubishana. Kazi zangu ni mbili: kugonga nyundo na kutokuwa na upande. Ya kwanza naifurahia sana.

Kila mwaka Orrin alisimama kusema. Alipoinuka tu, wanawake waliweka chini sufu zao wanazofuma, wanaume wakavua kofia wasikie vizuri. Mwaka mmoja alitaka mji ununue mashine ya kusawazisha barabara, akaeleza jinsi ng'ombe wa jirani yake alivyozama kwenye tope la mwezi wa Aprili na kuibukia mji wa pili, mzima, anatafuna. Watu walicheka mpaka wakatoka machozi. Baada ya hapo walipiga kura ya kukataa mashine. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: kucheka naye, kumpinga, kumpigapiga mgongoni wakati wa kwenda kuchukua chakula.

Mwaka huu ninaousimulia haukuwa wa mzaha. Rexford Gove, mkuu wa halmashauri yetu, alileta hoja ya kulifunga daraja la chuma lililoko juu ya kijito, lile jembamba lenye kutu. Ng'ambo ya daraja hilo ndiko nyumbani kwa Orrin na mkewe Thelma, nyumba ambayo Orrin alizaliwa humo. Bila daraja ungelazimika kuzunguka mlima mzima kwa njia ambayo tope likianza humeza gari mpaka vioo.

Nilikuwa jikoni kwao siku habari hiyo ilipofika. Thelma, ambaye ana nyonga mbovu na ulimi mzima, hakupiga kelele. Alipanda ghorofani, akateremsha sanduku lake la nguo ngazi kwa ngazi, akaliweka kando ya mlango.

"Nyonga yangu hii haizunguki mlima kwenda kununua maziwa," alisema. "Daraja likifungwa, mimi nakwenda Arizona kwa Lorraine. Ukitaka uje. Hutaki, baki na dubu wako."

Lorraine ni binti yao. Orrin alishawahi kukaa kwake wiki moja, akarudi analalamika kwamba kule hata kivuli kina joto. Kumpeleka mtu huyo Arizona ni kumzika akiwa anapumua.

"Hawalifungi," alisema Orrin. "Nitasimama mkutanoni. Nitawaambia nusu ya kaunti inapita pale."

"Ndiyo maana nimeteremsha sanduku," akajibu Thelma.

Nilimwona Orrin anafungua mdomo, anaufunga. Nimemjua maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Nilimwonea huruma, nikajifanya natafuta glavu zangu.

Kesho yake alikwenda maktaba. Kilichotokea huko nimesimuliwa na Orrin mwenyewe na pia na mkutubi wetu, Cordelia Batchelder, na kwa kuwa masimulizi yao hayafanani hata kidogo, nafuata ya Cordelia. Huyu ni mwanamke mpole kutoka huko tambarare, ndivyo tunavyopaita kote kusikokuwa milimani kwetu. Amekaa hapa tangu binti yake azaliwe, na binti sasa anaendesha gari, lakini sisi bado tunamwita mgeni.

"Nataka hotuba ya kuwaliza watu," Orrin alimwambia.

"Hotuba unayo tayari, Bwana Orrin. Huna ushahidi."

"Nusu ya kaunti inapita kwenye daraja langu."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Umejuaje?"

"Si naona!"

"Na mimi nitajuaje?"

Orrin alikuna shingo. "Si nimekwambia?"

"Ndiyo hapo sasa," akasema Cordelia.

Alimwandikia maswali hayo matatu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino: nani kasema, amejuaje, nitajuaje. Kisha wakakaa na makaratasi ya jimbo yanayoonyesha magari yanayopita kwenye kila daraja. La kwetu lilikuwemo. Mbele ya jina lake palikuwa patupu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kutumwa kuja kuhesabu. Rexford alikuwa ameuona utupu huo na kuusoma kama sifuri.

"Basi nitakaa na kiti darajani niandike kila anayepita," alisema Orrin.

"Utaandika wewe?"

Orrin alitazama kiganja chake. "Aandike Thelma."

"Thelma ni mkeo."

"Nitatundika ndoo, basi! Ndoo ya kukingia utomvu mtamu wa miti ya mepo, ile yenye kifuniko. Naweka gunia la maharagwe pembeni, kila anayepita anatia haragwe moja. Siku ya mkutano tunahesabu mbele ya watu wote."

Cordelia alipenda hapo, ila alikuwa bado hajammaliza. "Maharagwe yakiwa ya kwako, watasema umelimwaga gunia zima mwenyewe."

"Sasa unataka nini, mama?"

"Kila mtu aje na ya kwake. Na wewe na Thelma msitie hata moja."

Ikawa hivyo. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuokota haragwe moja akiwa amevaa glavu za Februari, Orrin aliitundika ndoo darajani na kijiko cha kuning'inia kwa kamba, na Cordelia akaandika kibao: ukipita, kijiko kimoja, ya nyumbani kwako.

Lazima niseme kidogo kuhusu maharagwe, maana hapa kwetu si jambo dogo. Kila ukoo una mbegu yake, iliyorithiwa kwa bibi, na kila ukoo unaamini mbegu za wengine ni chakula cha farasi. Akina Pelkey wanalima jicho-njano. Akina Tewksbury wanalima ng'ombe wa Yakobo, yale yenye mabaka mekundu. Rexford Gove ana askari wake, maharagwe meupe yenye alama kama mtu aliyesimama wima, na hakuna mwingine hapa aliye nayo, kwa sababu Rexford hagawi mbegu hata kwa ndugu yake. Kuchanganya aina mbili tatu kwenye sufuria moja ni jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri halifanyi. Moja linaiva, la pili linakuwa uji, la tatu bado jiwe.

Watu walicheka kwanza, kisha wakaanza kutembea na maharagwe mifukoni. Mleta barua alikuwa na yake kwenye kopo la kahawa. Waliokuwa wakikatiza pale Jumamosi kupeleka taka jalalani walisimama, wakafungua dirisha, wakatia kijiko, wakaendelea. Siku moja nilimkuta Orrin amesimama mbele ya ndoo, peke yake, mkono mfukoni, uso mwekundu.

"Orrin, unafanya nini hapo?"

"Napigana."

"Na nani?"

"Na kijiko." Alivuta pumzi. "Avis, nimepita hapa leo mara nne. Hivyo vinne si vya kweli? Na kama kesho nitapita, kwa nini nisitangulize?"

"Orrin."

"Najua. Nakwenda nyumbani."

Na alikwenda kweli, mkono ukiwa bado mfukoni. Thelma, kwa upande wake, hakuitazama ndoo hata alipopita ubavuni mwake. Nilipomuuliza alinijibu kwa mkato kwamba yeye ni wa kuondoka, hana cha kuhesabiwa.

Jumatatu, siku moja kabla ya mkutano, ndoo ilikuwa imejaa mpaka kifuniko hakikai. Orrin aliileta ukumbini akiikumbatia kwa mikono miwili. Tulikuwa tunapanga viti na hapakuwa na pa kuiweka, hivyo akaiweka jikoni, sakafuni, karibu na jiko, akaenda zake akipiga mluzi.

Sasa, Jumatatu hiyohiyo ndiyo siku kila nyumba huleta maharagwe ya chakula cha mkutano. Huyaacha hapohapo sakafuni, kwenye ndoo na sufuria, na Beulah Stannard, mkuu wa jikoni, huyakusanya yote, akayaloweka kila aina na sufuria yake, akayaoka usiku kucha kwa nyama ya nguruwe yenye chumvi na sharubati ya mepo. Mwaka ule kulikuwa na uhaba, watu wameleta kidogo. Ndoo za mepo zinafanana zote, na Beulah aliposhika ile alimshukuru Mungu. Alipofungua kifuniko, akaona yaliyomo yalivyochanganyika, alisema maneno ambayo sitayaandika, akalaumu watu wa tambarare, akayaloweka kwenye sufuria ya peke yake.

Jumanne asubuhi tulibishana kuhusu gari la kusukuma theluji, tukabishana kuhusu mbwa, nikagonga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Saa sita tukala. Minong'ono ilianza kwenye meza ya kwanza.

"Beulah, hiki nini? Askari na ng'ombe wa Yakobo sufuria moja?"

"Kula unyamaze."

"Hili langu gumu kama kokoto."

"Basi litafune polepole, una haraka ya kwenda wapi?"

Walinung'unika, lakini sharubati ilikuwa nyingi na njaa ilikuwa kali, wakarudi kuongeza. Rexford alikula sahani tatu, akamalizia na pai ya tufaha ya mkewe Lucinda, akiisifia kwa sauti kama anavyofanya kila mwaka, kwamba hakuna mwanamke Vermont nzima anayekanda unga kama mke wake. Lucinda alitazama dirishani.

Orrin, ambaye alikuwa amekula sahani mbili kwa sababu ya wasiwasi, aliingia jikoni kuchukua ndoo yake. Aliikuta imeoshwa, imepinduliwa kwenye kikaushio.

"Beulah," nilisikia sauti yake, "maharagwe yangu yako wapi?"

"Yapi?"

"Ya ndoo hii!"

"Ah, hayo," akasema Beulah. "Si umekula."

Ningefanya nini? Mwenyekiti hana upande. Niligonga nyundo, nikasoma hoja ya daraja.

Rexford alisimama kwanza, karatasi ya jimbo mkononi. Alisema daraja ni bovu, ukarabati ni mzigo, na hesabu ya wanaopita ni hakuna. "Hapiti mtu pale isipokuwa Orrin na dubu wake," alimalizia, na watu wakacheka vizuri.

Orrin akainuka, ndoo tupu mkononi. Sufu zikawekwa chini.

"Bi Mwenyekiti," alisema, "nilikuwa na ushahidi. Umeliwa."

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza kama aliyeula ni dubu. Niligonga, nikagonga tena. Kicheko kilipotulia, Rexford alikuwa bado anajifuta machozi.

"Bi Mwenyekiti, naomba kumuuliza Bwana Pelkey. Ni watu wangapi basi waliopita? Atutajie tu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Angeweza kutaja chochote, maana hakukuwa na mtu wa kumpinga. Haragwe la kuhesabu halikuwepo. Niliona namba inampanda kooni, nono, yenye masufuri yake. Thelma, kwenye safu ya tatu, alifumba macho. Orrin akageuza kiganja, ambacho wino wake, aliokuwa akiupitia upya kila mara, ulikuwa umefifia na kubaki rangi ya buluu tu, akakitazama.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya na neno hilo likitoka kwake.

"Sikuhesabu. Nilitaka tuhesabu hapa, pamoja, ili msiseme nimetunga. Ninachojua ni kwamba ndoo ilijaa. Sasa haina kitu. Ni hayo tu."

Akaketi. Hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na mimi mwenyekiti nisiye na upande nilikuwa natamani kulia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Beulah Stannard alisimama na aproni yake, upawa mkono mmoja, sufuria kubwa, ile aliyookea maharagwe ya ndoo, imebanwa kwapani.

"Naomba nafasi, Bi Mwenyekiti."

"Unayo."

"Ndoo ilijaa. Mimi nimeinyanyua na mgongo unaniuma mpaka sasa."

"Hata kama ilijaa," alisema Rexford, "atakuwa kaijaza mwenyewe! Ana ghala zima la jicho-njano."

"Jicho-njano?" Beulah alimtazama kwa huruma. "Rexford, umekula sahani tatu. Hukuangalia hata mara moja unachotia mdomoni?"

Alichota upawa kutoka kitako cha sufuria, akauinua juu. "Huyu hapa ng'ombe wa Yakobo. Wa nani?"

Mzee Tewksbury aliinua mkono polepole. "Wa kwangu. Napita pale kwenda kwa daktari wa meno."

"Na haya meusi?"

"Yetu," alisema mleta barua.

"Haya ya kahawia, madogo madogo?"

Watu watatu walisimama kwa pamoja, wakatazamana, kila mmoja akashangaa mwenzake naye hupita pale. Ndipo ukumbi ulipoanza kuchemka. Watu waliinuka kudai maharagwe yao, wengine wakichungulia sahani ambazo hazijaondolewa. "Hili la mama yangu hili!" Na kila mtu alikuwa anafikiri jambo lilelile, mpaka Tewksbury akalitamka: kwamba Orrin Pelkey anaweza kudanganya kuhusu dubu, kuhusu theluji, kuhusu ng'ombe, lakini hawezi kuingiza ng'ombe wa Yakobo ndani ya ndoo yake hata umshikie bunduki.

"Limebaki moja," alisema Beulah. Alilishika kwa vidole viwili. "Na huyu askari?"

Vichwa vyote viligeuka kwa Rexford.

"Ameiba!" alifoka Rexford. "Huyo mtu ameingia ghalani kwangu!"

"Bi Mwenyekiti." Alikuwa Lucinda Gove, amesimama pembeni ya mumewe, mwekundu mpaka masikioni. "Hakuna aliyeiba. Nimetia mimi, kwa mkono wangu."

"Umepita darajani wewe? Kwenda wapi?"

"Mtazungumza kupitia kwa mwenyekiti," nilisema, maana utaratibu ni utaratibu.

Rexford alinigeukia, mishipa imemtoka shingoni. "Bi Mwenyekiti, naomba kumuuliza mke wangu alikuwa anakwenda wapi."

"Bi Mwenyekiti, mwambie mume wangu nilikuwa nakwenda kwa Thelma Pelkey kila Alhamisi, kufuata pai."

"Pai gani?"

"Hiyo uliyoimaliza sasa hivi," alisema Lucinda. "Na zote ulizokula tangu tuoane."

Nyundo yangu haikufaa kitu. Beulah alikalia sufuria kwa kicheko. Rexford alitazama sahani yenye makombo mbele yake kwa muda mrefu sana, na nikaona anapiga hesabu ya njia: mlima mzima, tope la Aprili, kisha pai.

Nikauliza wanaokubali daraja lifungwe waseme ndiyo. Sauti chache zilitoka nyuma, za aibu. Nikauliza wanaokataa. "Siyo" ile ilitikisa taa za dari. Na mimi niliyeketi karibu ninaweza kushuhudia, kwa kuwa nilisikia kwa masikio yangu, kwamba Rexford Gove naye alisema siyo, kwa sauti ndogo, akiwa ameinamia sahani.

Jioni ile niliwarudisha nyumbani kwa gari langu, kwa sababu ya nyonga ya Thelma. Orrin alikaa nyuma na ndoo mapajani.

"Ukweli ni kwamba, Avis," alianza, "zilikuwa ndoo mbili na nusu."

"Orrin," alisema Thelma bila kugeuka.

"Moja," akasema Orrin.

Tulipofika darajani Thelma aliniambia nisimame. Alishuka na fimbo yake, akafungua mlango wa nyuma, akamnyang'anya Orrin ile ndoo, akaitundika pale pale ilipokuwa. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti na kutoa kitambaa kilichofungwa fundo. Fundo lenyewe lilikuwa limekazwa siku nyingi, alilifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na jicho-njano, kijiko kimoja hivi, yamechakaa kwa kubebwa. Alikuwa ametembea nayo tangu ndoo ilipotundikwa.

Aliyamimina. Yakalia kwenye bati tupu.

"Haya," alisema. "Nihesabuni na mimi."

Orrin alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yalikuwa yanamshuka na wala hakuyafuta. Tukavuka, na mpaka tunafika mlangoni, ambako alilichukua lile sanduku na kulirudisha ghorofani ngazi kwa ngazi, hakuwa ameongeza neno.